Kufa na Kuzikana

Mwaka jana, msimu wa korosho ulipokuwa umekwisha, kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili sekondari alikuja nyumbani kwangu Mbwara na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliniamkia, akaketi mkekani, akaniomba nimsahihishie barua. "Mwalimu, nataka iwe na lugha ya heshima," akasema. "Hao ninaowaandikia ni watu wazito."

Barua ile ilikuwa ya kuomba kujiunga na Frimasoni. Namba ya simu aliipata kwenye tangazo lililobandikwa nguzo ya umeme huko Ikwiriri, mfano wa yale ambayo msomaji bila shaka ameyaona katika mji wake: jiunge leo, upate utajiri, nyumba na gari. Sauti iliyopokea simu ilimwambia kwamba uanachama una fomu, fomu ina bei, na baada ya fomu kuna ada ya usajili. Fedha ya fomu alikwisha kuituma. Ya usajili alikuwa akiitafuta, na nilivyomwelewa, alikuwa akiitafuta katika korosho za mama yake.

Niliisoma barua mara mbili, kwa mazoea ya kazi. Sarufi yake haikunitia aibu. Kalamu yangu ilisimama katika sentensi moja tu: "Naomba uanachama ili nisaidike." Nikamwuliza kwa nini hakuandika "tusaidiane". Akacheka, akidhani namtania.

"Mwalimu, mimi nina nini cha kusaidiana na matajiri?"

Wapenzi wa lugha mnaijua tofauti. Kusaidika ni kauli ya kutendeka. Mtenda hatajwi humo, wala hahitajiki. Mlango umefunguka, kikombe kimevunjika, mtu amesaidika: jambo limetokea tu. Kusaidiana ni kauli ya kutendana, nayo haimkubali mtu mmoja peke yake. Kijana wangu alikuwa akitafuta chama, lakini kitenzi alichokichagua hakikuwa na mtu mwingine ndani yake.

Nilimwambia kwanza kwamba aliyezungumza naye alikuwa tapeli. Kisha nikamweleza ninachokijua juu ya jumuiya yenyewe, maana ipo, wala haikujificha kiasi kile tunachosimuliana vijiweni. Jengo lake Dar es Salaam liko Barabara ya Sokoine. Jina lake lina maana ya waashi huru, na wanachama wake huzichukua zana za fundi mwashi, yaani bikari, timazi na pimamaji, wakazifanya mafumbo ya mwenendo mwema. Muungano wao wa kwanza ulifanyika London tarehe 24 Juni 1717, makundi manne yalipokutana katika kilabu cha pombe na kuwa na mkuu mmoja. Huku kwetu, kwa miaka mingi kiongozi wao wa Afrika Mashariki alikuwa marehemu Jayantilal Keshavji Chande, ambaye wengi walimjua kwa jina la Sir Andy Chande. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene mkoani Tabora, akafariki mwaka 2017. Hakuuficha uanachama wake. Alizungumza na waandishi wa habari, na kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 2005.

Lililomshangaza kijana ni masharti ya kuingia. Katika utaratibu wa Kiingereza wa jumuiya hiyo, mwombaji hutakiwa kutamka kwamba hakusukumwa na tamaa ya fedha. Huonywa pia ahakikishe kuwa michango haitaidhuru familia yake. Wanachama humpigia kura ya siri, na kwa desturi yao ya zamani tufe jeusi ndani ya sanduku la kura liliweza kumfungia mlango. Siku anapopokelewa huvuliwa fedha na kila kitu cha chuma, kisha, akiwa hana kitu, huombwa sadaka. Akijibu kwamba hana, huambiwa aikumbuke hali hiyo siku atakapokutana na ndugu mwenye shida.

Simpigii mtu debe. Jumuiya inayowaacha wanawake nje na kufunga mapazia haiwezi kushangaa ikizushiwa mambo, na mimi mwenyewe nina maswali yangu juu ya siri za watu wenye nafasi. Lakini nilitaka kijana alione jambo moja: kile alichokuwa akikilipia ndicho hasa kinachokataliwa mlangoni. Tangazo la nguzoni linasema njoo upate. Mlango wenyewe unauliza umekuja kutoa nini.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, kwa adabu yake yote, "Na chama chetu cha hapa, Mwalimu, mlangoni kinauliza nini?"

Hakukusudia kunichoma. Hata hivyo nilishindwa kumjibu, maana chama chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa na katibu, na katibu huyo alikuwa mimi, na mlango wake niliuchonga kwa mkono wangu mwenyewe.

Wazee waliotutangulia walikuwa na sababu ya kukianzisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha maelfu ya watu kutoka bonde la Rufiji, ikawakusanya katika vijiji vya nchi ya juu. Watu waliozoea kuishi kwa koo, kila ukoo karibu na mashamba yake, walijikuta na majirani ambao hawakuwa na nasaba nao. Ukifiwa usiku, nani atakuchimbia kaburi asubuhi? Wazee walijibu swali hilo bila karatasi. Palipotokea msiba, kila nyumba ilileta kibaba cha mchele au unga, mzigo wa kuni, ndoo ya maji, na watu wawili wenye majembe. Fedha zilikuwa za sanda tu. Hakuna aliyewahi kuwaita wanachama. Waliitwa watu wa msibani.

Nilipostaafu na kurudi nyumbani, walinipa ukatibu kwa sababu ya mwandiko. Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba kitu kisichoandikwa hakipo, nami nikakiamini chuo kuliko nilivyowaamini wazee. Niliandika katiba yenye vifungu 14. Kiingilio kikawa shilingi 10,000, ada shilingi 1,000 kwa mwezi, na aliyekaa miezi sita bila kulipa, jina lake likafutwa. Nikaanzisha daftari la mchango lenye safu tatu: jina, kiasi, sahihi. Na ili kuwatia watu moyo, nikaanza kuyasoma majina na viwango kwa kipaza sauti baada ya maziko.

Nisiwe mwongo: fedha ziliongezeka. Tulinunua turubai kubwa, masufuria, majamvi na viti vya plastiki. Wanunuzi wa ufuta na korosho waliokuwa wakipita tu wakajiunga, wakatoa noti nyekundu mbele ya watu, na watu wakapiga makofi. Viongozi wa chama kingine walikuja kuangalia daftari letu wakalisifu. Nami nilisifika pamoja nalo.

Katika daftari hilo palikuwa na bibi mmoja ambaye jina lake sitaliandika hapa. Alilima mpunga bondeni, ambako msimu wa kuwinga ndege alikuwa akilala katika dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho kila mwana wa Rufiji anakijua. Tangu nikiwa kijana, yeye ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake wanaofariki katika mtaa wetu. Mwaka 2024 mto ulifurika, maji yakafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mpunga wake ukaenda nayo. Akangoja maji yapungue apande mlau, mazao yale ya haraka tunayoyategemea baada ya mafuriko. Ada yake ikakatika. Mwezi wa saba nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake. Mstari ulinyooka vizuri.

Wiki chache baadaye mjukuu wake, mtoto wa darasa la tatu, alifariki usiku kwa homa. Alfajiri tulikutana barazani kwangu. Mtunza hazina akauliza kama atoe fedha ya sanda. Wakanitazama mimi. Nikafungua katiba, nikasoma kifungu cha tisa. Nilikisoma kwa matamshi mazuri, herufi kwa herufi, kama nilivyokuwa nikisoma imla darasani. Mmoja wetu akasema, "Katiba ni katiba." Wengine wakainama. Sikumwona aliyefurahi, lakini sikumsikia aliyepinga, na ambaye angepinga kwa nguvu zaidi ndiye tuliyekuwa tumemfuta.

Sanda ilinunuliwa na majirani kwa kuchangishana mlango kwa mlango. Mtoto alizikwa kabla ya adhuhuri. Nilikwenda, nikatia udongo mara tatu kama wenzangu, nikapokea mkono wa bibi nikampa pole. Jua lilikuwa kali. Wafiwa walikaa chini ya mkorosho, wakisogea kila kivuli kiliposogea, na turubai la chama lilikuwa limekunjwa ndani ya chumba changu cha nje, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Haukupita mwezi, akafariki mama wa mwanachama wetu mmoja, mfanyabiashara. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, nami nikakaa mezani na daftari. Watu walikuwa wengi na foleni ya mchango ilikuwa ndefu. Bibi yule akaja na mzigo wa kuni kichwani, akasimama pembeni ya meza mpaka aliyekuwa akihesabu noti zake akamaliza. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, kuni niziweke wapi?"

Nikaangalia daftari. Jina, kiasi, sahihi. Hapakuwa na mahali pa kuni. Nikanyoosha kidole kuelekea jikoni, akaenda kuzitua, akanawa mikono, akaingia ndani kumwosha marehemu. Baadaye nilishika kipaza sauti, nikasoma orodha kwa dakika ishirini. Nilipomaliza, mtu aliyefanya kazi ngumu kuliko zote siku ile hakuwa ametajwa, na hakuna aliyeona upungufu wowote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari jina la chama chetu kama nilivyowahi kuwafundisha wengine kutafakari maneno, na naona aibu kwamba sikulitafakari mapema. Tukisema watu wawili wanapendana, huyu anampenda yule na yule anampenda huyu. Wakisalimiana, wakiandikiana, wakigombana, ni vivyo hivyo. Lakini kuzikana? Nikikuzika wewe leo, hutanizika kesho. Kati ya watu wawili kitendo hiki huenda upande mmoja na hakirudi. Kama wazee walikuwa na watu wawili akilini, basi kiambishi kile cha kutendana walikiweka kimakosa. Hawakukosea. Kuzikana kunahitaji watatu, wanne, kijiji: mimi nikuzike wewe, mwingine anizike mimi, na yeye azikwe na mtu ambaye pengine leo hajazaliwa. Deni hulipwa, ila halilipwi kwa yule aliyekukopesha. Mimi nilikuwa nimeligeuza kuwa duka: lete ada, chukua sanda.

Sheikh wetu alinikumbusha jambo ambalo nililisoma chuoni utotoni. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakitekeleza baadhi, wajibu huwaondokea wote. Wasipotekeleza hata mmoja, dhambi ni ya wote. Hakuna ada inayoweza kumnunulia mtu haki hiyo, na hakuna kifungu kinachoweza kumwondolea. Siku ya mjukuu yule, wajibu ulituondokea sisi wanachama kwa hisani ya majirani ambao hawakuwa na katiba.

Nikarudi pia katika maneno ya daftari langu mwenyewe. Kichwa cha kifungu cha tatu kilikuwa "Sifa za Mwanachama", na chini yake niliweka umri, makazi na kiingilio. Hakuna mstari ulioniuliza mtu huyu ni mtu wa namna gani. Neno sifa, kama mjuavyo, lina nyuso mbili: tabia iliyomo ndani ya mtu, na maneno mazuri yasemwayo juu yake. Chama kizuri humdai mwanachama sifa ya kwanza. Changu kilikuwa kikimuuzia ya pili. Na "ada", neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, lilikuwa desturi kabla ya kuwa malipo: jambo ambalo watu wamezoea kulitenda. Bibi yule alikuwa amekosa ada ya pili kwa miezi saba. Ya kwanza hakuikosa hata siku moja.

Kuna methali tunayoikariri sana siku hizi: kutoa ni moyo, si utajiri. Umbo lake la zamani ni kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usambe ni kusema "usiseme". Kitenzi chake ni kuamba, ambacho kimetuachia "kwamba" na "ambaye" kisha chenyewe kikafifia katika maneno ya kila siku. Nalipenda umbo la zamani, kwa kuwa lina mtu anayekatazwa kusema kitu. Methali ilinitaka nisiuseme utajiri, nami nilikodi kipaza sauti ili niuseme.

Wala ugonjwa huu si wa Mbwara peke yake. Walioisoma historia ya beni, ngoma iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 na ambayo Terence Ranger aliitungia kitabu kizima mwaka 1975, wanajua kwamba vyama vile havikuwa vya kucheza tu. Jina lenyewe lilitokana na bendi za Wazungu. Wachezaji walikuwa na Kingi na maofisa wenye vyeo, waligawanyika katika pande kama Marini na Arinoti, na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakazieneza hadi bara. Vyama hivyo viliwauguza wanachama wao na kuwazika, na hilo lilikuwa jambo jema kwa watu waliokuwa mbali na kwao. Lakini pia vilishindana: kwa mavazi, kwa karamu, kwa kumwaga mali ili upande wa pili uaibike. Hapo sadaka na sifa zilikuwa zikitembea katika gwaride moja, na si rahisi kujua ni ipi iliyokuwa mbele.

Miji ilipokua, haja ilibaki ileile. Umoja wa Wazaramo, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1938, ni mmoja wa vyama vilivyowakusanya watu wa asili moja wasaidiane mjini. Mgeni wa mjini aliogopa mambo mengi, na moja kubwa lilikuwa kufa pasipo mtu wa kumjua. Kwa hiyo kila mara watu wetu walipoondolewa mahali pao, kwa vita, kwa kazi au kwa mafuriko, waliunda chama, na kila chama kilifika kwenye njia panda ileile: je, mlangoni tumwulize mtu ana kiasi gani, au tumwulize ametendaje?

Ulipofika mkutano wa mwaka niliomba kusema. Nilieleza habari ya turubai na ufunguo. Niliogopa kwamba wafanyabiashara wangekasirika, lakini aliyefiwa na mama yake ndiye aliyesimama wa kwanza, akasema hakuwa amejua ni nani aliyemwosha mama yake, na kwamba hakuna aliyemwambia. Tulibishana mpaka alasiri. Wengine walisema, na kwa haki, kwamba chama bila fedha ni maneno matupu, na kwamba wapo wanaojificha nyuma ya umaskini ili wasitoe. Hilo nalijua. Mkono mtupu haulambwi, na sanda haikopeshwi dukani kila siku.

Tulichokubaliana ni kidogo. Kipaza sauti hakisomi tena majina. Mchango unatiwa ndani ya kapu lenye kifuniko, na mtunza hazina hutangaza jumla tu. Mafundisho ya dini zetu zote mbili yanataka mkono wa kushoto usijue kinachotolewa na wa kulia, na kapu lenye kifuniko ndiyo njia nyepesi tuliyoipata ya kuutii usemi huo. Daftari limepata safu ya nne, ya kazi: kuosha, kuchimba, kuni, maji, kupika. Aliyekosa ada hafutwi mpaka watu wawili wamtembelee nyumbani kwake na kurudi na habari zake. Sanda na turubai havina uanachama. Na kiingilio kimeondolewa. Badala yake mwombaji huletwa na mashahidi wawili waliomwona akifanya kazi katika misiba mitatu isiyo ya nyumba yake.

Sharti hili la mwisho lilipingwa kuliko yote. Walisema litatupunguzia wanachama, na kweli limetupunguzia. Fedha za sanduku nazo zimepungua, sitaki kuwadanganya. Lakini msibani mikono ni mingi kuliko zamani, na sijawahi tena kuwaona watu waliosimama kando ya meza wakingoja matajiri wamalize kuhesabu.

Baada ya mkutano nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta anapepeta mpunga uani. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwomba radhi, maneno mazuri, ya mtu aliyefundisha fasihi miaka thelathini. Nikamwambia kwamba chama kimeamua kumrudisha.

Akauweka ungo chini. "Kunirudisha?" akasema. "Kwani mimi nilitoka lini, Mwalimu?"

Nikamwambia habari ya mstari mwekundu. Akasikiliza kama mtu anayeelezwa mambo ya nchi ya mbali. Kisha akaniuliza kama wakati ule mjukuu wake naye alikuwa ameandikwa katika daftari. Nikasema hapana, watoto hawaandikwi. Akaitikia kwa kichwa, akauchukua ungo wake. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza. Alinipa muhogo wa kuchemsha, nikaula.

Hayo yote nilimsimulia kijana mkekani, barua yake ikiwa katikati yetu. Fedha ya fomu haikurudi, na namba ile ya simu haipokelewi tena. Aliniuliza ikiwa anaweza kuingia katika chama chetu bila kiingilio. Nikamweleza habari ya misiba mitatu. Hadi ninapoandika haya ameonekana katika miwili. Katika wa pili udongo ulikuwa mgumu, akachimba mpaka viganja vikamtoka malengelenge, na alipotoka kaburini hakutafuta daftari. Nililiona hilo mimi mwenyewe, na nimekwisha kumwambia mzee mmoja kwamba shahidi wa kwanza nipo.

Jina la bibi nimeliandika upya chini ya ukurasa kwa wino wa buluu, na katika safu ya nne nimejaza kazi zake zote ninazozikumbuka. Zimeipita ile safu, zikaingia pambizoni. Mjumbe mmoja alinishauri nichane ukurasa ule ili daftari liwe safi. Nimekataa. Mstari mwekundu utabaki pale, ili katibu ajaye, atakapokuja na rula yake, auone.